Vichupa Sita vya Kalebuka

Wanaume wa ofisi ya upelelezi ya Lubumbashi waliposikia kwamba lalamiko lenyewe linahusu mlango wa kizazi wa kina mama, kila mmoja alikumbuka ghafla kazi aliyoiacha Kambove au Sakania. Faili likabaki mezani peke yake. Inspekta Émerance Ntumba akalichukua, akalisoma akiwa amesimama, akasonya, kisha akabadilisha viatu na kuvaa vya kutembelea.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye feni na mashine ya rangi ya kijivu, ndogo tu, unaweza kuibeba mkononi. Mbele ya mashine alikaa Jérémie Kasereka, fundi, kijana wa Butembo ambaye ndugu zake wote wanauza bidhaa za jumla na kuendesha malori, yeye peke yake akachagua kuchungulia vichupa. Alikuwa amesimamishwa kazi, lakini alikuja hata hivyo, koti jeupe limekunjwa mapajani. Kando yake alisimama Docta Emmanuella, mwenye kuongoza kampeni ya kupima wanawake wa mkoa.

"Unashitakiwa kutunga matokeo," Émerance akamwambia Jérémie bila kuzunguka. "Ao kumwaga dawa ya mama mumoja ndani ya tuchupa twa bengine. Iko vile?"

"Hapana, mama Inspekta."

"Basi nielezee. Polepole, kama unaelezea mama yako."

Jérémie akaeleza, kwanza kwa aibu, kisha kwa raha ya mtu anayependa kazi yake. Kuna kirusi ambacho watu wanapeana kwenye tendo la ndoa. Karibu kila mtu anakipata siku moja, na kwa wengi mwili unakifukuza wenyewe bila hata kujulisha. Kwa wachache kinajificha kwenye mlango wa kizazi, kinakaa, kinakaa, na baada ya miaka kinaleta kansa. Mashine hii haitafuti kansa. Inatafuta alama za kirusi chenyewe, mapema, wakati mama bado anacheka na kulima. Na kuna aina nyingi za hicho kirusi, lakini ile ya kumi na sita ndiyo inayoua wengi kupita zote.

"Na tuchupa twa Kalebuka?"

"Sita. Zote ziko na kumi na sita."

"Mama sita wa mtaa mumoja, kirusi kimoja," Émerance akasema. "Mweye munaona iko ya kawaida?"

"Haiko ya kawaida," Docta Emmanuella akajibu. "Njo maana komite ya kampeni ilisema labo ilichafua, tutupe bintu byote, tuanze mbele. Nikakatala."

"Ju ya nini ulikatala?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Juu kirusi haitoke hewani, mama. Hata kama ni uchafu, ilitoka kwa mutu. Kuna mwanamuke mumoja kule Kalebuka iko nayo, na hajue. Leo nikimupata, namutunza, anarudia kwake kupika. Nikimukosa, siku atakuja mwenyewe, nitakuwa sina kitu ya kumupa isipokuwa dawa ya maumivu. Nilishaonaka benye kukuja vile. Sitaki tena."

Émerance akavuta kiti, akakaa. Sasa alijua anatafuta nini, na hakikuwa kosa la Jérémie wala heshima ya komite.

Akaanza na njia fupi. Nani alileta vichupa? Plamedie, mhamasishaji wa afya, binti wa Kalebuka hukohuko, hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Je, kama alijaza vichupa vyote yeye mwenyewe ili aonekane amefanya kazi? Docta akatikisa kichwa: wahamasishaji wote walipimwa siku za mafunzo, na Plamedie alikuwa safi. Basi labda mashine? Jérémie alikwisha kurudia kipimo mara ya pili, na katikati ya vichupa akaweka maji matupu. Maji yalitoka safi. Vichupa vya mtaa wa Kasungami vilivyopimwa pamoja navyo vilitoka safi.

"Basi kama ni shetani, iliingia kulekule Kalebuka," Émerance akasema. "Kintu kingine? Kitu yoyote ulionaka, hata ya bure."

Jérémie akasita. "Iko kimoja. Mashine inazunguka, inazunguka, mpaka kirusi ionekane. Ikionekana haraka, maana iko mingi. Ikichelewa, iko kidogo. Sasa hizi sita, kila moja inachelewa kupita mwenzake. Ya kwanza iko na nguvu. Ya mwisho, kidogo tu tungeikosa."

"Na hawa bamama benyewe? Mashine inajua kama kweli mutu aliweka kitu yake ndani?"

"Inajua. Inatafuta pia chembe za mwili wa mama, kusudi tusipime maji. Zile nazo zinapungua. Vilevile, kwa mustari uleule."

"Ya mwisho ni ya nani?"

"Ngosa. Ya kwanza ni ya mama mumoja Brigitte."

Émerance aliomba pakiti moja mpya ya kujipimia, akaifungua: kichupa chenye maji ya dawa na brashi laini yenye mpini mweupe. Mama anaingia faraghani, anaiingiza mwenyewe, anaizungusha, anaikoroga ndani ya kichupa, anafunga, brashi anatupa. Basi, ni hivyo tu. Akaiweka pakiti ndani ya mkoba wake.

Kina mama wa Kalebuka walikuwa na kiwanda chao cha kushona chini ya kibanda cha mabati, nyuma yake mashamba ya mboga mpaka kwenye vichuguu. Walikuwa wanashona sare za kwaya, bluu kila mahali, na cherehani zinapiga kelele kama mvua. Émerance akajitambulisha. Cherehani zikanyamaza, viti vikatolewa, mmoja akamfutia chake kwa kitenge.

Mkubwa wao alikuwa Mama Brigitte, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongoza rozari. Wengine walikuwa Mama Chance, Mama Fils, Mama Guelor na Mama Raoul, kila mmoja akiitwa kwa mtoto wake. Wa sita, mwembamba, mwenye mvi mbili tatu mbele, waliita Tantine Ngosa, yaani Shangazi.

Émerance akawauliza mmojammoja, kando, karibu na pipa la maji. Wote walisema sawasawa, mpaka neno. Niliingia, nikafunga mulango, nikazungusha mara tano, nikakoroga, nikafunga muzuri. Ni maneno ya Plamedie, walikuwa wameyashika kama katekisimu. Inspekta aliwahi kusikia wezi wa shaba wakisema kwa umoja namna hiyo. Akaachana na utaratibu, akauliza jambo ambalo Plamedie hakulifundisha.

"Brosi ikifikaka mwisho kule ndani, inakwaruza ao inateleza?"

"Inakwaruza!" akasema Mama Brigitte. "We! Inakwaruza sana, mwanangu, nilitaka kulia."

"Inateleza," akasema Mama Chance.

"Iko ya chuma, inaleta baridi," akasema Mama Fils, akaangalia chini.

Mama Guelor alisema amesahau, na Mama Raoul akasema hayo si mambo ya kusemea hadharani, hata mbele ya serikali.

Tantine Ngosa alifikiri kidogo. "Ni laini," akajibu. "Inatekenya. Kwangu ilitoka na kadamu kidogo, lakini haikuniuma."

"Kadamu hako kanakuja saa ingine?"

"Saa zingine. Nilidhani ni uzee." Akacheka. "Ukae, mama Inspekta, utakunywa chai. Haiwezekani utoke mujini mpaka hapa na koo kavu."

Wakati maji yanachemka, Émerance akazungukazunguka kati ya cherehani. Mama Fils alikuwa amerudi kazini, anaondoa nyuzi zilizokwama chini ya sindano kwa kibrashi laini chenye mpini mweupe. Kwenye cherehani ya Mama Chance kulikuwa na kingine kama hicho, kimelowa mafuta ya mashine. Émerance hakuvigusa. Mama Brigitte alimwona anavyovitazama, akaanza ghafla kukohoa.

Chai ikaletwa. Tantine Ngosa alipanga vikombe kwenye sinia, akamimina maji ya moto, kisha akachukua kifuko kimoja cha majani na kukizamisha kikombe kwa kikombe. Cha kwanza kikatoka cheusi, akampa mgeni. Cha pili kikampata Mama Brigitte. Kikaendelea hivyo, kila kikombe kikififia kuliko kilichotangulia, mpaka chake mwenyewe, ambacho kilikuwa maji ya moto yaliyosikia habari za chai. Akakinywa kwa raha kabisa.

Émerance alikaa na kikombe chake kizito mkononi, akitazama sinia. Jérémie alikuwa amemwambia, na yeye hakusikia. Brashi moja, vichupa sita. Cha kwanza kwa mkubwa wao, kwa heshima, na cha mwisho kwa mwenye kugawa. Kama Docta angemtafuta mwenye nguvu nyingi tu, angemshika Mama Brigitte na kumwacha Ngosa.

"Tantine," akasema, "nionyeshe mboga yako ya lenga-lenga. Natafutaka mbegu."

Walikwenda mpaka katikati ya matuta, mahali ambapo hakuna sikio la mtu. Ngosa aliinama, akaanza kung'oa magugu, maana mikono yake haikujua kukaa bure.

"Uliwajazia bote tuchupa," Émerance akasema. Hakuuliza.

Mikono ikasimama. "Utawafunga?"

"Simufungi mutu. Niambie tu."

Ngosa akakaa kwenye tuta, akakunja kitenge magotini.

"Plamedie ni mutoto yetu. Tulimubeba hapa mugongoni, kila mumoja kwa zamu. Siku alikuja na tule tuchupa, na gilè yake mupya ya kuvaa kazini, alikuwa anang'aa, mama! Sasa huku banasema ile brosi inafunga kizazi. Mama Chance anatafuta mimba ingine. Mama Fils, bwana yake akisikia kintu kiliingia kule, ni kelele. Mama Brigitte, ye anaogopa tu, lakini usimuambie nilisema. Tungefanya nini? Kumurudishia mutoto tuchupa mitupu, siku yake ya kwanza? Bakubwa wake bamucheke? Hapana, ile haiwezekani."

"Na wewe?"

"Mi sina bwana wa kuuliza. Alikwendaka Sakania, akaoa mwenye kuzaa. Sina mimba ya kuharibika. Nikasema, leteni hapa, nitafanya. Ilikuwa brosi moja tu, zile zingine ziko nzuri kwa cherehani, ju ya nini kuharibu?" Akatabasamu, kisha akasema polepole, "Mama, kizazi yangu haikusaidiaka mutu hata siku moja. Siku ile ilisaidia batu. Nilirudi nyumbani nikifurahi, nakuambia kweli."

Émerance, aliyezoea kuwahoji watu wenye visu, alimpenda yule mwanamke pale pale, kwenye udongo mwekundu, na aliuonea uchungu ujumbe aliokuwa ameubeba. Akakaa chini karibu naye, suruali ya kazi na yote.

"Tantine Ngosa, kirusi ilionekana. Ni ya kwako."

Upepo ukapita juu ya mboga. Ngosa hakuuliza alichotarajiwa kuuliza.

"Na bale bengine? Beko bazima?"

"Hakuna anayejua. Tuchupa twao ni wewe."

Hapo ndipo Ngosa alilia. Hakulia aliposikia ni yeye. Alifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. "Niliwaficha," akasema. "Nilidhani ninawasaidia, kumbe niliwaficha. Kama mumoja wao iko nayo? Mama Chance iko na batoto bane! Mi niliuona wapi huo ujinga?"

"Hukufanya ubaya. Na hakuna kilichoharibika. Kirusi haiko kansa. Docta anakungoja, ataangalia, kama kuna kidonda ataichoma, utarudi hapa kushona. Lakini lazima ukuje."

"Hapana." Alijifuta machozi. "Batasema, munaona, alishika brosi, akapata kansa. Hakuna mwingine atakubali tena. Na mi naogopa, mama. Mi mwenyewe, naogopa."

"Docta ni mutu muzuri."

"Wewe ulishapima?"

Émerance akaanza kung'oa gugu moja.

"Nakuuliza, mama Inspekta. Ulishapima?"

"Bado."

"Ju ya nini?"

"Kazi iko mingi. Sina wakati."

Ngosa alimwangalia jinsi Émerance mwenyewe alivyowaangalia watu kwa miaka mingi ng'ambo ya meza. "Ile ni bongo, unanidanganya," akasema kwa upole. "Sema kweli."

"Naogopa," Émerance akakiri. "Mama yangu mudogo alikufa na kansa ile. Naogopa kusikia."

"Aa, pole, mwanangu. Pole sana." Ngosa akamshika mkono kwa vidole vyenye udongo, na kwa muda isingejulikana nani alikuja kumfariji mwenzake. Kisha akasimama, akakung'uta kitenge. "Basi tunaenda bawili. Lakini kwanza niwaambie bale. Habari hii nitaisema mi mwenyewe, usinisaidie."

Émerance alibaki kwenye matuta. Kutoka pale alisikia cherehani zikinyamaza, kisha sauti nyembamba ya Ngosa, muda mrefu, kisha ukelele mmoja wa Mama Brigitte: "Yesu Maria, na mi nilikuwa nakunywa tu chai!" Baadaye hakusikia kitu tena. Alipokaribia aliwakuta wote wamemzunguka Ngosa, wanalia wamemkumbatia, na Mama Brigitte akimpiga kidogo mgongoni kama anavyotendewa mtoto aliyepaliwa.

Walifika kliniki kesho yake asubuhi, wote sita, wamevaa vitenge vya Jumapili. Jérémie aliwafungulia mlango; koti lake jeupe lilikuwa mwilini, maana Émerance alikwisha kuandika kwa komite kwamba labo haina kosa, na kosa lilikuwa la hofu, na hofu haina jela. Plamedie alisimama kando na macho mekundu. Mama Brigitte akamvuta, akamwambia, "Mutoto, tulikudanganya juu tunakupenda. Siku ingine tutakupenda bila kukudanganya," na mambo yakaishia hapo.

Ngosa aliingia kwa Docta, akaomba Émerance aingie naye. Docta Emmanuella alifanya kazi yake akiongea taratibu, akieleza kila kitu kabla hajakigusa. Alipaka siki kwenye mlango wa kizazi ili palipoharibika pageuke peupe, akangoja, akaangalia kwa taa. Émerance hakuangalia huko. Aliangalia uso wa daktari, kwa sababu kusoma nyuso ndiyo kazi yake, na aliona uso ule ukikaza, ukichunguza, ukichunguza tena, kisha ukilegea.

"Kuna doa jeupe," Docta akasema. "Kadogo. Bado haiko kansa, Tantine, ile kadamu ilitoka kwa kidonda kingine cha juujuu. Ningekupata miaka ijayo, ningesema mengine. Naichoma sasa?"

"Choma."

Kifaa cha joto kilitoa sauti ndogo. Ngosa alibana mkono wa Émerance mpaka pete ikamwumiza, na kabla hajamaliza Salamu Maria moja, Docta akazima.

"Imeisha. Mwaka kesho utarudi, tupime tena. Lakini imeisha."

"Imeisha?" Ngosa akarudia. "Njo hii tu?" Akageuza kichwa kwenye mto, akacheka, na machozi yakamwingia masikioni.

Alipumzika kidogo tu, akakataa kulala. Huko nje kina mama watano walikuwa kwenye benchi, pakiti mapajani, hakuna aliyefungua yake. Mama Chance alikuwa ameulizia mimba, Docta akamjibu kwamba brashi haifungi kizazi, na bado alikuwa anaishika ile pakiti kama samaki aliye hai. Mama Brigitte alikuwa anamwambia Mama Fils, chinichini, kwamba labda wangeanza na mmoja, wamwone kwanza.

Ngosa akatoka akitembea polepole, akaenda mpaka kwenye mlango wa choo, akausimamia. Alimwangalia kila mmoja, na Émerance naye, aliyekuwa amejibanza nyuma ya Jérémie na pakiti ileile aliyoibeba mkobani tangu siku ya maabara.

"Haiumi, inatekenya tu," Tantine Ngosa akatangaza. "Mutazungusha, mutakoroga, mutafunga. Mama Brigitte, wewe mukubwa, tangulia. Mama Inspekta, wewe wa pili, usijifiche, nimekuona."

Mama Brigitte akasimama, akapiga ishara ya msalaba, akafika mlangoni, akasimama tena. "Tantine," akanong'ona, "si ungeingia na mi tu, unishikie?"

"Nitakushikia mukono," Ngosa akasema, akamfungulia mlango. "Brosi utashika mwenyewe."